Una David Copperfield ya Zamani Yenye Picha? Namna ya Kuitambua, Kuihesabu na Kuitunza

Maswali ni yale yale. Mtu anapiga picha ya kitabu kinene chenye jalada lililochakaa, anaituma kwa simu, kisha anauliza: "Hiki cha marehemu babu ni cha mwaka gani? Haya madoa yanatoka vipi? Nikikiuza nitapata ngapi?" Nami huwajibu wote kwa swali moja kwanza: ndani mna picha ngapi? Hadi leo ni wachache mno walioweza kunijibu papo hapo. Wameangalia jalada, wamenusa karatasi, wametafuta tarehe, ila picha hawajazihesabu. Na kwa riwaya za enzi ya Malkia Victoria, picha ndizo zinazokuambia kitabu kilitoka lini, kwa nani, na kama bado ni kizima.

Nitatumia David Copperfield ya Charles Dickens kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo iliyopita mikononi mwangu mara nyingi kuliko nyingine, na imechapwa na kuchorwa upya mara nyingi kiasi kwamba ukiifahamu hii, nyingine hazitakusumbua sana. Hatua hizi zitakufaa pia kwa Bleak House, au kwa Vanity Fair ambayo Thackeray aliichorea picha mwenyewe.

Historia unayohitaji ni fupi. Riwaya hii haikuzaliwa kama kitabu. Ilitoka kidogo kidogo kila mwezi, kuanzia Mei 1849 hadi Novemba 1850. Kila sehemu ilikuwa na kurasa 32 za hadithi, picha mbili na jalada jepesi la karatasi, ikiuzwa shilingi moja ya Kiingereza. Ya mwisho ilibeba sehemu mbili kwa pamoja, nayo ikauzwa shilingi mbili. Mchoraji alikuwa Hablot Knight Browne, aliyejiita Phiz, na wachapishaji walikuwa Bradbury & Evans wa London. Msomaji aliyezikusanya sehemu zote alizipeleka kwa fundi wa kujalidi akatengenezewa kitabu. Wengine walisubiri wakanunua kitabu kilichokwisha kujalidiwa mwaka 1850. Ndiyo maana nakala mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na majalada yasiyofanana hata kidogo, na zote zikawa halali.

KABLA HUJAANZA

Tayarisha vitu hivi:

- Meza safi na kavu, mbali na chai, maji na watoto.
- Taulo mbili za kukunja, au mito midogo miwili, ya kuegemezea majalada.
- Kioo cha kukuzia. Kinachokuza mara 10 kinatosha kabisa.
- Penseli laini na daftari. Peni ya wino isikaribie meza hii.
- Rula, na tochi au taa unayoweza kuisogeza.
- Brashi laini, mfano brashi mpya ya rangi ya upana wa sentimita tatu au nne.
- Simu ya kupigia picha.
- Barakoa, kama kitabu kinanuka ukungu.

Watu huniuliza kuhusu glavu nyeupe za pamba. Sizitumii kwa karatasi. Zinakuondolea hisia ya vidole, ukajikuta umechana ukurasa. Osha mikono kwa sabuni, ikaushe vizuri, basi. Ila iko hali moja ambapo glavu ni lazima, na hizo ziwe za mpira: jalada la kitambaa lenye kijani kikali, kile cha kung'aa kama jani changa. Baadhi ya vitambaa vya namna hiyo, hasa vya miaka ya 1840 hadi 1860, vilitiwa rangi yenye aseniki, ambayo ni sumu. Wataalamu wa Jumba la Makumbusho la Winterthur na Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, wamekuwa wakivichunguza vitabu hivyo tangu 2019. Ukikutana na kijani hicho usikisugue, kitie ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, kisha nawa mikono.

HATUA KWA HATUA

1. Kilaze kitabu na ukifungue nusu tu.

Weka taulo moja chini ya kila jalada, ili kitabu kifunguke kwa pembe ya nyuzi 90 au zaidi kidogo. Usikibonyeze kilale bapa. Mgongo wa kitabu cha miaka 170 umekauka gundi, na ukishapasuka hakuna atakayekurudishia ulivyokuwa. Ukikitoa kwenye rafu, usikivute kwa kichwa cha mgongo. Visukume ndani vitabu vya jirani, kisha kishike katikati ya ubavu.

2. Soma ukurasa wa jina.

Tafuta jina la mchapishaji, mji na mwaka. Mwaka unaweza kuandikwa kwa namba za Kirumi: MDCCCL ni 1850. Tazama pia nyuma ya ukurasa huo na chini kabisa ya ukurasa wa mwisho wa hadithi, mahali ambapo jina la mchapaji hupenda kujificha.

Kwa David Copperfield, jina la mchapishaji linakufikisha mbali. Bradbury & Evans wa mwaka 1850 ndio wa mwanzo. Ukiona Chapman & Hall, hicho ni cha baadaye, kwa sababu Dickens alirudi kwao baada ya kugombana na Bradbury & Evans mwishoni mwa miaka ya 1850. Ukikuta Oxford University Press, basi huenda umeshika kitabu cha ule mfululizo uliotoka kati ya 1947 na 1958, wenye picha zile zile za zamani zilizochapwa upya. Ni kitabu kizuri mno cha kusoma, lakini si cha enzi ya Victoria.

Tahadhari: kukosekana kwa mwaka si dalili ya ukale. Kosa hili naliona kuliko yote. Vitabu vingi visivyo na tarehe ni vya karne ya 20. Vile vyenye jalada la ngozi ya bandia na nakshi za dhahabu zinazong'aa mara nyingi ni vya miaka ya 1960 na 1970, vilivyouzwa kwa seti ili vipendeze kabatini.

3. Tafuta mchoraji ni nani.

Jina lake laweza kuwa kwenye ukurasa wa jina, kwenye orodha ya picha, au kwenye kona ya picha yenyewe. Haya ndiyo utakayokutana nayo zaidi:

Phiz ndiye wa asili. Picha zake zina mistari myembamba sana na watu wengi, na vitu vidogo ukutani na sakafuni vinavyosimulia hadithi kivyao.

Fred Barnard alichora upya riwaya hii kwa lile toleo la Chapman & Hall liitwalo Household Edition, mwaka 1872. Kitabu ni kikubwa kwa umbo, maandishi yamepangwa safu mbili kila ukurasa, na picha zipatazo 60 zimekaa katikati ya maneno. Wengi hukidharau kwa kuwa kilikuwa toleo la bei ya chini. Mimi nakipenda. Watu wa Barnard wana miili na uzito, unawaona wakipumua.

Harry Furniss alizichorea riwaya zote za Dickens kwa seti ya mwaka 1910, kwa mtindo wa mistari ya haraka haraka. Frank Reynolds naye alichora picha za rangi ambazo Hodder & Stoughton walizitoa muda mfupi baadaye. Hao wawili ni wa baada ya Victoria, aliyefariki mwaka 1901, hata kama muuzaji atakuapia vingine.

4. Ikague picha yenyewe kwa kioo.

Hapa usiwe na haraka. Majina yanaweza kunakiliwa na mwaka unaweza kuchapwa upya, ila namna wino ulivyokaa kwenye karatasi ni vigumu kuighushi.

Anza na upande wa nyuma. Picha za Phiz zilichorwa kwa sindano juu ya bamba la chuma lililopakwa nta, kisha tindikali ikaachiwa iitafune mistari hiyo. Bamba kama hilo haliwezi kuchapwa pamoja na herufi, kwa hiyo picha ilichapwa peke yake, kwenye karatasi nzito zaidi, na nyuma yake ni peupe. Ukikuta maneno ya hadithi nyuma ya "Phiz," huna picha ya chuma mkononi.

Sasa weka kioo juu ya uso wa mtu au mkunjo wa nguo. Kwenye picha ya chuma utaona mistari safi inayoanza na kuishia kwa ncha nyembamba, na ukipitisha kidole pembezoni, polepole mno, wino hauko sawasawa na karatasi. Wakati mwingine utaona pia alama hafifu ya ukingo wa bamba lilipokandamiza karatasi, isipokuwa kama fundi wa kujalidi aliipunguza.

Picha za Barnard zilichongwa kwenye mbao na akina Dalziel, mafundi ndugu wa London. Kwenye mbao kinachochongwa ni sehemu nyeupe, kwa hiyo mistari ya wino ni minene zaidi na meupe yamekatwa kwa ncha kali. Ubao ulikuwa na kimo sawa na herufi, vikachapwa kwa pamoja. Ndiyo maana hapo kukuta maneno nyuma ni kawaida na wala si kasoro.

Ukiona vitone vilivyojipanga kwa safu kama wavu, hiyo ni picha iliyopigwa kwa kamera kisha ikachapwa. Vitone vya rangi tatu au nne vilivyokaribiana, kwenye karatasi ya kung'aa, ni vya karne ya 20.

Itafute pia ile picha iitwayo The River, Martha akiwa kando ya mto Thames usiku. Phiz aliitengeneza kwa namna ya pekee: kwanza alilifunika bamba kwa mistari myembamba mno iliyochorwa kwa mashine, kisha akaitoa nuru ndani ya giza hilo. Katika nakala ya mapema, anga na maji vina weusi laini wenye kina. Bamba lilipochapwa mara nyingi lilichoka, na kwenye nakala za baadaye giza hilo hugeuka kijivu chenye mabaka. Ukizilaza nakala mbili pamoja utaiona tofauti hata bila kioo.

5. Hesabu picha, moja moja.

Toleo la kwanza lina picha 40: 38 zilizotoka na sehemu za kila mwezi, pamoja na picha ya mbele na ukurasa wa jina uliochorwa, ambazo zilitolewa mwishoni kabisa ili fundi azirudishe mwanzo. Ya kwanza katika hadithi ni ile ya kanisani, David mdogo na watu wa kwao kwenye kiti chao cha ibada. Kurasa za hadithi ni 624.

Tumia orodha ya picha iliyo mwanzoni mwa kitabu. Iandike daftarini, fungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, weka alama. Ukifika mahali picha haipo, angalia mambo mawili. Kwanza, mkunjo wa ndani: je, kuna kipande chembamba cha karatasi kilichobaki, kama kimekatwa kwa wembe? Pili, ukurasa unaoelekeana: wino na karatasi ya picha huacha kivuli cha rangi ya kahawia upande wa pili. Kivuli kipo na picha haipo, basi iling'olewa.

Na hung'olewa kweli. Kuna watu wananunua kitabu kizima, wanakata picha, wanazitia fremu na kuziuza moja moja. Nakala yangu ya kwanza niliinunua kwa fedha nilizokuwa nimezidunduliza miezi mingi, nikaifungua nyumbani usiku, nikahesabu picha 34. Sita zilikatwa kwa wembe, na wembe ulikuwa umepita hadi kwenye maneno ya ukurasa wa chini. Muuzaji hakuwa amesema neno. Kitabu hicho ninacho bado. Tafadhali, usinunue picha iliyokatwa, na usikate yako hata ukiambiwa itakuletea zaidi.

6. Soma jalada na mshono.

Kitabu kilichouzwa tayari mwaka 1850 kilikuwa na kitambaa cha kijani chenye nakshi za kukandamizwa. Kilichotengenezwa na fundi kutokana na sehemu za kila mwezi mara nyingi kina mgongo na kona za ngozi, na karatasi yenye michirizi ya rangi kama ya marumaru ubavuni. Tazama ukingo wa ndani wa kurasa: ukiona vitundu vya sindano vinavyojirudia nje kidogo ya mshono, hapo ndipo zile sehemu ziliposhonwa zilipotoka mara ya kwanza. Ishara hiyo ikiwepo, iandike daftarini, kwa sababu wanunuzi huitafuta.

7. Andika na upige picha.

Mwaka, mchapishaji, mchoraji, idadi ya picha, zilizokosekana, vipimo vya ukurasa kwa milimita, madoa, machano, majina yaliyoandikwa kwa mkono. Daftari hilo ndilo utakalompa mtaalamu au mnunuzi. Jina la mwenye kitabu wa zamani usilifute, hata likiwa limeandikwa vibaya. Ni sehemu ya safari ya kitabu.

8. Safisha kwa mkono mwepesi.

Kifunge kitabu, kishike kwa nguvu ili kurasa zibanane, kisha pitisha brashi juu, kutoka mgongoni kwenda mbele. Vumbi likitoka, inatosha. Usitumie maji, mafuta ya nazi, dawa ya viatu wala kitambaa kibichi. Ngozi inayotoa unga mwekundu imeoza kikemikali, na ukiipaka mafuta unaifunga uchafu ndani. Ivalishe kanga ya karatasi safi na uiache.

9. Kiweke mahali pa kupumulia.

Kwa sisi wa Mombasa, Tanga, Dar na Unguja, adui mkubwa ni unyevu. Hewa ikizidi asilimia 65 ya unyevu kwa siku kadhaa, ukungu unapata nafasi. Nunua kipima unyevu kidogo ukitie kabatini. Rafu isigusane na ukuta wa nje, acha upana wa vidole vinne nyuma ya vitabu ili hewa ipite, na usikifungie kitabu kwenye sanduku la plastiki wakati bado kina unyevu. Pakiti za silika zinasaidia, mradi uzikaushe au uzibadilishe. Jua la dirishani nalo linafifisha kitambaa cha kijani ndani ya miezi. Jamaa walioko Muscat na Dubai wana tatizo lao: kiyoyozi kinachozimwa mchana na kuwashwa usiku. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakopinda majalada, kwa hiyo chagua chumba ambacho hali yake haibadilikibadiliki.

MATATIZO NA NAMNA YA KUYATATUA

Picha zina madoa ya kahawia kama mabaka ya kutu, ila kurasa za maneno ni safi. Hii ni kawaida kabisa kwa picha za chuma, kwa kuwa zilichapwa kwenye karatasi tofauti. Usijaribu kuyatoa kwa dawa ya kufulia. Klorini inaweza kung'arisha karatasi leo, kisha ikaiacha dhaifu mpaka inavunjika. Yaache.

Ukurasa umeachia. Uweke mahali pake, kitabu kifungwe kwa utepe mpana wa pamba, fundo liwe upande wa mbele. Selotepu hapana. Gundi yake hugeuka njano, inapenya karatasi, na kuiondoa kunahitaji mtaalamu na fedha nyingi.

Kitabu kinanuka ukungu. Vaa barakoa. Kitenge mbali na vingine, kisimamishe wima kikiwa kimefunguka kidogo kama feni kwenye chumba kikavu chenye upepo, mbali na jua. Ukungu ukishakauka na kuwa unga, upanguse kwa brashi nje ya nyumba. Ukiusugua ukiwa mbichi, unauingiza ndani ya karatasi.

Kuna wadudu. Mchwa wakiwa ukutani, hamisha vitabu vyote leo hii, kisha ushughulikie ukuta. Kama ni vidudu vinavyotoboa kurasa, kitie kitabu kikavu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, funga barabara, na ukiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mifuko mpaka siku nzima ipite, la sivyo umande utakiloweka.

Kurasa mbili zimegandana kwenye picha. Usiingize kisu. Ziache hivyo na umwonyeshe fundi wa uhifadhi.

Nyuma ya picha mna maneno, lakini kitabu kinasema ni Phiz. Rudi hatua ya nne. Karibu kila mara ni chapa mpya ya baadaye, na bei yake iwe ya chapa mpya.

Mnunuzi anasema hakina thamani, muuzaji mwingine anataka maelfu kwa kinachofanana nacho. Bei iliyoandikwa kwenye tangazo si bei iliyolipwa. Tafuta matokeo ya minada, kwa nakala yenye mchapishaji yule yule, mwaka ule ule na idadi ile ile ya picha. Peleka daftari lako la hatua ya saba kwa muuzaji aliye mwanachama wa ILAB, muungano wa kimataifa wa wauza vitabu vya kale, na umwambie mapema picha zilizokosekana.

Picha moja tu imekosekana, nawe una nakala nyingine mbovu yenye picha hiyo. Usiihamishe kimyakimya. Mafundi hufanya hivyo, ila kwa kuandika kwa penseli nyuma ya jalada ni picha ipi ilitoka wapi na lini. Nakala yangu ya picha 34 nimeshapata hivyo picha mbili, na zote mbili zimeandikwa.